Mtumbwi wa Mtu Mmoja

"Hilja! Unapiga kafi au unakoroga uji?"

Sauti ya kaka yake ilimfikia kwa nyuma, juu ya mvumo wa maji. Hilja Saarela hakugeuka. Mto wa Chai ulikuwa umejaa theluji iliyoyeyuka, na mbele yake povu lilikuwa linapanda na kushuka juu ya mwamba mmoja, si mkubwa. Aliuona mapema. Akaegemea kulia, akachomeka kafi na kuvuta, na mtumbwi ukamtii kama ulivyomtii siku nne zote tangu waanze safari.

Ubavu uligusa jiwe, basi. Mguso kama huo huacha mchubuko, mtu akaupiga msasa jioni akiwa na kahawa yake. Lakini Hilja alisikia sauti kama ya shuka linalochanwa. Alipotazama chini aliona ngozi ya nje ya mtumbwi, ile ya kitambaa cha faiba kilicholoweshwa gundi ya resini, imejivua kutoka kwenye mbao kuanzia omo, ncha ya mbele, hadi karibu na goti lake. Maji yakaingia kati ya ngozi na mbao, yakaibetua. Fito za mwerezi zilizokuwa zimeshikana ubavu kwa ubavu zikaachana moja baada ya nyingine, na mtumbwi ukamfungukia miguuni.

Baridi ya maji ilimkamata kifua akashindwa hata kupiga kelele. Alipigwa na jiwe begani, kisha nyonga. Aliona mfuko wake wa chakula ukizunguka na kwenda. Kisha mkono ukamshika ukosi.

Arvo alikuwa ameutupa mtumbwi wake ukingoni na kukimbia juu ya mawe. Alimvuta dada yake kwa nguvu zote, akarudi kinyumenyume, na mguu wake wa kushoto ukazama katika ufa wa mwamba huku mwili ukienda upande mwingine. Hilja aliusikia mfupa. Walianguka pamoja kwenye rasharasha za maji, yeye akitetemeka, kaka akiuma mkono wa koti lake asilie.

"Umeumia wapi?" Arvo akauliza kwanza.

"Mimi mzima. Usiguse mguu. Usiuangalie pia."

Alimburuta hadi chini ya misonobari. Kiberiti kilikuwa katika mfuko wa Arvo, kikavu. Alipowasha moto na kukamua nguo zake, alirudi mtoni kutafuta kitu cha kuufunga mguu ule. Nusu ya mtumbwi ilikuwa imekwama kati ya mawe. Fito zake zilikuwa nyepesi na zimenyooka, hakuna gango bora la kuushikiza mfupa kuliko hizo. Akazivunja tatu. Ili aipate ya nne ilimbidi aifunue ile ngozi iliyokuwa inaning'inia, na vidole vyake vikanata.

Akavitazama. Akagusa tena.

Ilikuwa Juni. Resini ile ilipakwa Februari. Ilipaswa kuwa ngumu kama kioo tangu wiki ya kwanza, lakini upande wa ndani ilikuwa bado inanata kama asali iliyomwagika mezani.

Alimfunga kaka yake mguu, fito mbili kila upande, kwa mikanda ya mfuko. Alipomaliza akamwekea kipande cha ngozi ile mapajani.

"Arvo," alisema. Maisha yake yote alimwita kaka. "Gusa."

Arvo hakugusa.

"Jiko lilizimika?"

"Mguu unaniua, Hilja. Tuongee baadaye."

"Nimekuuliza kama jiko lilizimika."

Wote wawili walilelewa katika karakana ya baba yao. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mtumbwi wa fito hujengwa majira ya baridi, wakati mtu hana kazi ya mashambani wala ya ziwani: kalibu za umbo la mtumbwi zinasimamishwa, fito zinapindwa juu yake na kugandishwa kwa gundi, zinapigwa msasa hadi ubavu uwe laini kama shavu, halafu kitambaa kinatandazwa na resini inamiminwa. Kuanzia hapo karakana haiachwi. Mtu mmoja hukaa na jiko la kuni mchana kutwa mpaka resini ishike, kwa sababu ikipoa kabla ya kushika haitashika tena milele. Ikitokea hivyo ni kukwangua ngozi yote na kuanza upya. Mzee Saarela aliwahi kukwangua mitumbwi miwili katika maisha yake, na kila alipoisimulia alicheka.

Baba alipofariki walikuta michoro yake ya mwisho, mtumbwi wa mtu mmoja: mwembamba kiunoni ili kafi ifike majini pande zote bila kujinyoosha, kiti chini, mwepesi kiasi cha kubebwa kichwani na mwanamke wa miaka arobaini na sita. Wakajenga miwili, wa Hilja na wa Arvo. Wa Hilja ulipotandazwa kitambaa alichukua likizo kwenye duka la mikate akakaa na jiko mwenyewe. Zamu ya wa Arvo ilipofika, Arvo ndiye aliyekaa.

"Nilitoka kidogo," Arvo akasema mwishowe. "Akina Pentti walikuwa na mashindano ya kuvua juu ya barafu. Nikasema saa moja tu. Nikaweka magogo makubwa."

"Ukarudi saa ngapi?"

"Jioni."

"Nje ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri."

"Najua ilikuwa ngapi! Ningekwangua wiki mbili, Hilja. Peke yangu. Nikapaka mkono mwingine wa resini juu, wa moto, nikaongeza vanishi. Ukang'aa. Hata baba mdogo Reino aliusifu."

"Halafu ukanipa mimi."

Arvo akatazama moto.

Siku ya kuishusha mitumbwi majini alikuwa ameuelekeza kidole mtumbwi wake, ule wenye ufito mmoja wa mti mweusi uliopita ubavuni kama uzi. Akasema: "Chukua huu, mdogo wangu. Umetoka mzuri kuliko wako. Baba angetaka uwe nao wewe." Hilja alilia begani kwake mbele ya watu. Aliwasimulia wenzake kazini wiki nzima.

"Sikufikiri utapasuka," Arvo alisema.

"Ulifikiri. Ndiyo maana hukuupanda."

Asubuhi walijaribu kwanza lisilowezekana. Hilja alimlaza Arvo katikati ya mtumbwi uliobaki, akapiga magoti mbele, na katika kidimbwi kilichotulia ukingo ukabaki vidole vitatu tu juu ya maji. Mvumo mmoja wa upepo ungewazamisha. Akamrudisha chini ya miti. Njia ya reli ilikuwa kilomita arobaini kusini, maziwa mawili na njia tatu za kubeba mtumbwi msituni. Mwaka ule simu zilikuwa kwenye nguzo, na nguzo zilikuwa relini.

Alimwachia turubai, sufuria, shayiri, kahawa yote na mzigo wa kuni. Akachukua ramani na mfuko wa mkate mkavu wa mdalasini.

"Lundika majani mabichi motoni, moshi upande, kila ukisikia mngurumo wa ndege," alimwambia. "Maji uchemshe. Vidole vya mguu vikiwa vyeusi, legeza mikanda."

"Utarudi?"

"Nitasimamisha treni."

"Sijakuuliza treni."

Hilja akafunga kamba ya boya lake la kuvaa. "Leo sijui mimi ni mtu wa namna gani, Arvo. Usiniulize."

"Basi sikiliza. Watu wakiuliza, niachie mimi. Nitasema mwenyewe, yote. Usinisemee."

"Utasema?"

"Kwa kaburi la baba."

Alikubali kwa kichwa, akasukuma mtumbwi.

Ulikuwa wake. Alisahau hilo mpaka alipokaa. Palipokuwa karibu na goti la kulia palikuwa na mahali alipopitisha msasa kupita kiasi, akapaziba kwa vumbi la mwerezi lililochanganywa na gundi, na kivuli chake bado kilionekana. Miezi miwili alikuwa ameutazama mtumbwi huu kwa mbali, chini ya mtu mwingine.

Ziwa la kwanza lilimpa upepo wa ubavu. Mawimbi yalikuja mafupi na ya kijivu, akapiga magoti, akauinamisha mtumbwi kidogo ili ubavu wake wa juu uyapokee, akavuka kwa mapigo mia mia huku akihesabu. Njia ya msituni ilikuwa tope hadi magotini. Alibeba mtumbwi kichwani, mikono yote miwili imekamata kingo, kwa hiyo inzi weusi wakamla masikio na nyuma ya shingo bila kufukuzwa. Damu ikaganda kwenye ukosi. Alilala chini ya mtumbwi, akala vipande viwili vya mkate, akaondoka kabla umande haujakauka.

Siku ya pili, mwisho wa njia ya tatu, alitua mtumbwi juu ya jiwe tambarare na kuketi. Ziwa la mwisho lilikuwa limetulia kabisa. Hapakuwa na sababu ya kungoja. Bega lilimuuma, lakini si bega lililomkalisha pale. Alikaa akitazama maji na kumfikiria Arvo akiuchanganya ule mkono wa pili wa resini, akiukoroga polepole usitoe mapovu, akiupaka kwa uangalifu, kazi nzuri, kazi safi. Akifanya yote hayo huku akijua. Alikaa saa nzima, akaiona saa ikipita mkononi mwake, na alijua kila dakika ilikuwa ya nani. Mbali upande wa pili treni ilipiga honi na kwenda zake.

Hapo akasimama. Hakuwahi kumwambia mtu habari ya saa ile.

Treni ya mizigo iliyofuata ilikuja alasiri. Alisimama juu ya kokoto za reli akipunga boya lake la rangi ya chungwa kwa mikono miwili, na breki zikalia mbali sana, mbele yake, ikabidi akimbie. Dereva alishuka na chupa ya chai.

"Mama, umetoka wapi na uso huo? Uko peke yako?"

"Mtumbwi ni wa mtu mmoja," Hilja alisema. "Mwenzangu nimemwacha. Lete ramani nikuonyeshe."

Ndege ya kutua majini ilimchukua Arvo asubuhi yake. Alikuwa na homa, na mguu ulikuwa umevimba kama gogo, lakini madaktari waliuokoa. Atachechemea, walisema.

Siku ya sita Hilja aliruhusiwa kumwona. Baba yao mdogo, Reino, alikuwa ameketi kando ya kitanda na kofia magotini, mzee ambaye mitumbwi aliyoijenga hakuna aliyeihesabu. Arvo alikuwa amenyolewa. Alikuwa anacheka.

"Njoo, njoo," Reino alisema. "Shujaa wetu huyu! Nilikuwa namwuliza kaka yako: ule mtumbwi mzuri vile, umepasukaje?"

Arvo alimtazama dada yake. Hilja akangoja. Alimpa muda wa kutosha, muda wa mtu kuvuta pumzi, kuishusha, na kuvuta nyingine.

"Mwamba, baba mdogo," Arvo alisema. "Mwamba mkubwa. Maji yalikuwa makali mno, hata ungekuwa wa chuma."

Reino akatikisa kichwa kwa huruma, kisha kichwa kikasimama. Alikuwa ameiona mito hiyo yote. "Mwamba unapasua," alisema taratibu. "Walioleta mabaki wameniambia ngozi imejivua." Akamgeukia Hilja. "Ni kweli, binti yangu? Mwamba?"

"Mimi nilikuwa mtoni, baba mdogo," Hilja alisema. "Aliyekuwa karakanani ni yeye. Muulize tena."

Mzee akamgeukia Arvo. Arvo aligeuzia uso ukutani, na nyuma ya shingo yake ikawa nyekundu kama ya mtoto aliyekamatwa.

Hilja akachukua koti lake. Katika ukumbi wa hospitali sakafu bado ilikuwa inamyumbia chini ya miguu kama maji, akatembea kwa kushika ukuta mpaka alipofika mlangoni, na huko nyuma akasikia sauti ya Reino, ya chini, ikianza kuuliza.