Zamu Isiyo ya Mtu

Alhamisi asubuhi Irja Pesonen alifungua kompyuta akakuta vichupo vya kurasa zake vimehama. Jana vilikuwa vimejipanga juu ya kioo, kila kimoja na jina lake. Leo vilikuwa vimesimama ubavuni, vimekonda, havina majina, vipicha tu. Kivinjari kilikuwa kimejibadilisha chenyewe usiku. Nyota ya kuhifadhia kurasa haikuwepo, wala kishale cha kurudi nyuma. Na jikoni, ambamo hakuna kilichokuwa motoni isipokuwa kahawa, palinuka moshi wa kuni mbichi.

"Tauno, umechoma nini?"

"Nichome nini, na mimi niko kitandani?" mumewe akajibu kutoka chumbani.

Irja ndiye aliyepanga zamu za sauna katika jengo lao pale mjini Varkaus. Sauna, chumba cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, ni moja, iko chini kabisa, na kila familia ina saa yake Jumamosi. Ukimchezea jirani saa yake, hakusalimii hadi theluji iyeyuke. Lakini zamu ya mwisho haikuwa ya mtu. Tangu jengo lisimame iliachwa wazi, mawe yakiwa moto, maji yakiwa ndooni, mlango umefungwa, ili mwenyeji asiyeonekana naye aoge. Wao humwita tonttu. Ni jini wa nyumba. Kanisani Irja hakuwahi kumtaja, na nyumbani hakuwahi kumnyima haki yake.

Asubuhi hiyo alihangaika mno kuutafuta ukurasa wa zamu. Alibonyeza pale alipozoea kishale, kikafunguka kichupo kipya. Akabonyeza akifunge, vikafungika vyote. Alipoupata ukurasa, kikaibuka kisanduku mbele ya macho yake: Nikujazie? Akakifukuza. Kikarudi. Akakifukuza tena, kikarudi upande wa pili, kama nzi aliyeonja uji.

"Jaza basi, unipishe," akasema, akabonyeza.

Kivinjari kikatoa jina katika kumbukumbu zake, kikalitia palipokuwa wazi. Zamu ya mwisho: Tauno Pesonen.

Irja aliliona. Lazima lisemwe, kwa sababu baadaye alikana: aliliona wazi. Lakini hasira ilikuwa imemjaa kifuani, akajiambia atalifuta akishapumua, akafunika kompyuta.

Simu ya Tauno ikalia kwa ujumbe wa zamu. Akatoka chumbani na soksi moja mguuni, anacheka.

"Mke wangu, umenipa zamu ya mwisho? Peke yangu, bila wale wapiga domo wa ghorofa ya pili?"

"Kompyuta imekosea. Nitaitoa."

"Thubutu. Nimeiomba hii tangu nistaafu."

"Tauno, ile si zamu ya mtu."

"Basi ni ya nani? Aje, nitamsugua mgongo."

Irja akamziba mdomo kwa kiganja. Nyuma yao, ndani ya kompyuta iliyofunikwa, ikasikika sauti ya maji yakimwagwa juu ya mawe ya moto, ndefu, ikafifia taratibu.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Feni ya mashine hiyo. Imezeeka kama sisi."

Kuanzia hapo Irja hakupata raha. Alifuta jina la mumewe. Alipogeuka kumimina kahawa, likawa limerudi. Akajifunza menyu iko kushoto. Akifungua tena, iko chini. Akajifunza kwamba vile vistari vitatu ndivyo vinavyofungua mipangilio; kesho yake vistari vilifungua ukurasa mtupu wenye rangi ya masizi. Alipiga meza hadi kijiko kikaruka. Alisali kisha akatukana, akaomba toba ya kutukana, akatukana tena. Alipiga simu ofisi ya jengo, ikamjibu kwamba watu wamekwenda likizo ya katikati ya kiangazi, apige wiki ijayo.

Jioni ya Ijumaa akaamua kuuliza katika kile kisanduku cha juu, ambacho humalizia maneno kabla hujamaliza wewe. Akaandika: Nifute vipi. Kisanduku kikamalizia: Nifute vipi mume wangu.

Akaandika polepole: Nani yuko humu.

Kikajibu chini yake: Nimetolewa kwangu, nimekuja kwako.

Jumamosi akamwita Hilkka, bibi mwenye mkoba wa pembe za ng'ombe, aliyewaumika wagonjwa na kuwatoa damu chafu katika sauna za mji ule miaka mingi. Hilkka hakukaa. Aliinama juu ya kompyuta akainusa kama mtu anayenusa maziwa.

"Hili dude silijui," akasema kwa sauti ya chini. "Ila aliyemo namjua."

"Bibi Hilkka, hiki kivinjari kipya kimenivuruga, kikajaza chenyewe..."

"Nani alibonyeza?"

Irja akakikunja kidole chake ndani ya ngumi.

"Ukampangisha mtu katika nyumba ya mwenzake, mwanangu, unadhani mwenyewe atalala wapi? Hatoki humo kwa kubonyezwa. Shuka ukamwambie kwa mdomo wako. Na usimtupie mashine lawama."

"Nikamuungamie jini? Mimi ninayeshiriki meza ya Bwana?"

"Ulimkosea Bwana, au ulimkosea yeye?" Hilkka akageuka mlangoni, akatazama msumari wa taulo. Ulikuwa mtupu. "Mumeo yuko wapi?"

Ilikuwa saa ya zamu ya mwisho, na jua la kiangazi, ambalo huko huchelewa kutua, lilikuwa bado juu ya mabati ya majirani, kweupe kama mchana, watoto wanacheza nje, lakini Irja aliposhuka ngazi za chini aliona mwanga ukibaki nyuma yake kidaraja kwa kidaraja, na harufu ya moshi ikamjia, kisha ya majani ya mbetula yaliyochemka, yale ya kujichapia mwili saunani, kisha ya nywele zinazoungua, na alipofika kwenye mlango wa sauna akasikia ndani maji yakimwagwa, kata baada ya kata, bila kupumzika, kwa namna ambayo binadamu yeyote asingeweza kuuvumilia mvuke wake, na katikati ya mvumo huo sauti ya Tauno, mtu asiyejua kuomba, ikiomba, "Tafadhali, ndugu, tafadhali, hakuna tena nafasi," na mlango, ambao haukuwahi kuwa na kufuli, ukamkatalia.

Akapiga magoti kwenye vigae.

"Niliona," akasema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Niliona jina lake limeingia kwako. Haikuwa mashine. Nilikuwa na hasira, nikaona taabu kulifuta, nikakuacha nje. Kisha nikadanganya. Zamu ni yako. Nirudishie mume wangu."

Maji yakakoma. Kisha mlango ukafunguka wenyewe, taratibu.

Tauno alikuwa amejikunyata sakafuni kando ya jiko, bega lote limebabuka. Juu, benchi zima lilikuwa tupu, na limelowa.

"Kulikuwa na mtu," akasema, Irja akimfunga taulo pamoja na Hilkka aliyekuwa ameshuka nyuma yake. "Aliniomba nisogee. Kwa adabu tu. Nikasogea. Akaomba tena, nikasogea. Benchi likaisha, Irja, na bado alikuwa anaomba."

Hilkka akafunga mlango nyuma yao, akaacha ndoo imejaa. "Mwacheni aoge," akasema.

Jumapili Irja alifungua kompyuta. Haikunuka kitu. Vichupo bado vilikuwa ubavuni, lakini vilitulia, na alipovitazama kwa utulivu akaona havikuwa vibaya kiasi kile. Kishale alikikuta kwenye kona, nyota akaipata ndani ya vistari vitatu. Zamu ya mwisho ilikuwa wazi. Alifunga ukurasa, akarudi, akafungua upya: imebaki wazi. Akacheka peke yake, akamshukuru Mungu, akaenda sebuleni na vikombe viwili vya kahawa.

Tauno alikuwa kwenye kochi refu. Alikuwa amekaa ukingoni kabisa, nusu ya paja iko hewani, mkono umeshika meza asianguke. Kochi lililobaki lote lilikuwa tupu.

"Baba, mbona umekaa hivyo? Kaa vizuri."

Tauno hakugeuza shingo. "Siwezi," akanong'ona. "Ameniomba nisogee."