Barua Mbili za Uzi Mwekundu

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani, tena katibu wa tawi la chama. Cheo hicho alikishika baada ya mumewe kufariki. Asubuhi hiyo alikuwa akishona bendera za mkutano wa hadhara. Ng'ambo ya barabara uwanja ulikuwa mtupu. Tangu mkutano wa mwaka juzi, watu waliuzunguka, hawakuukatiza. Hata mbuzi hawakuingia.

Siku ile polisi walisema hawana taarifa ya mkutano. Wakautawanya. Watu wakakimbia, wakaumizana. Mumewe aliapa kwamba aliandika barua, lakini hakuna aliyemwamini. Alikufa na lawama hiyo.

"Shemeji, polisi wamejibu barua yako ya mkutano?" aliuliza Kipaza, mdogo wa marehemu. Kazi yake ilikuwa kukodisha vipaza sauti.

"Leo siku ya nne. Kimya."

"Basi wamekubali. Tangu lini polisi wakakataa kwa kunong'ona?"

Mama Pindo hakucheka. Cherehani ilikuwa imesimama, lakini alihisi kanyagio likitikisika chini ya mguu wake, kana kwamba kuna mwingine anayelikanyaga. Akajitanda mtandio, akaenda kituoni.

Sajini wa zamu, mwanamke mpole, alipekua daftari. "Mama, barua yako haipo."

"Niliitumbukiza kwenye sanduku la getini."

"Lile la maoni? Mbona hukuingia ndani?"

"Afande, kwetu mtu haingii kituoni kwa miguu yake. Huletwa."

Sajini alitabasamu kidogo. "Nilihamia hapa mwaka jana. Ufunguo wa sanduku lile sijawahi kuuona."

Walivunja kufuli. Ndani mlikuwa na utando wa buibui na harufu ya chumba kilichofungwa. Juu ilikuwapo barua ya Mama Pindo, imefungwa kwa uzi mwekundu wa cherehani. Chini kabisa kulikuwa na nyingine, pembe zake zimeliwa na mende. Uzi ni ule ule. Fundo ni lile lile.

"Uliweka mbili?"

"Moja tu."

"Sasa hii nani kaifunga kama wewe?"

Mama Pindo aliutambua mwandiko. "Mume wangu," alisema. "Marehemu."

Sajini akavuta kiti.

"Sikiliza, mama. Barua ya mkutano huletwa mezani, mkononi, mapema, ndani ya muda uliowekwa na sheria. Andika mahali, tarehe, saa ya kuanza na ya kumaliza, na majina ya wasimamizi. Leta nakala mbili. Moja inabaki hapa, nyingine tunaigonga muhuri, unaondoka nayo. Ukiona kimya, rudi uulize. Usikisie."

Mama Pindo aliandika nakala papo hapo. Muhuri ukagongwa. Akaisogeza ile iliyoliwa na mende.

"Na hii, afande."

"Mkutano wake ulishapita, mama."

"Najua. Gonga."

Sajini aligonga muhuri: IMEPOKELEWA.

Siku mbili baadaye kibali kilitoka. Siku ya mkutano watu walisimama pembezoni mwa uwanja, hawathubutu kukanyaga. Mama Pindo aliingia peke yake hadi katikati. Kipaza akawasha mitambo. Kabla ya hotuba yoyote, Mama Pindo alisoma barua ya mumewe, neno kwa neno, pamoja na tarehe.

Kipaza alifuta macho. "Kaka kasikika," alisema.

Askari wawili walisimama kwa utulivu hadi saa ya kumaliza. Hakuna aliyekimbia. Watu walikwenda zao polepole, wakiukatiza uwanja katikati.