Saa Tisa za Jicho la Mgongoni

Pasi haikuwa na moto wala makaa, lakini hakuna jina jingine lililoifaa. Katika nyaraka za serikali iliitwa Kinyoosha-Maombi. Ilikuwa mashine yenye akili ya kutengenezwa, ikikaa ndani ya jengo la vioo katikati ya jiji la Njombe na kunguruma kwa upole kama paka aliyeshiba. Kila msimu wanafalaki wa dunia nzima waliipelekea maombi yao, nayo iliyanyoosha mpaka yasibaki na kunyanzi hata moja. Msimu huo mwanafunzi mmoja wa Kigoma aliandika: "Nimeipenda galaksi hii tangu siku nilipoiona ikining'inia kama tone la maziwa kwenye kidevu cha mtoto." Pasi iliimeza sentensi hiyo, ikatulia kidogo, kisha ikatema: "Mwombaji anapendekeza kuchunguza galaksi moja." Tone la maziwa likaisha. Kidevu kikaisha. Mtoto naye akaenda zake.

Haya yote yalikuwa kwa ajili ya Jicho la Mgongoni, darubini kubwa kuliko zote, iliyojengwa na roboti upande wa mwezi usioelekea dunia, mahali ambapo taa zetu na makelele yetu hayafiki. Kila mtu alilitaka Jicho, na saa zake hazikutosha hata robo ya waombaji. Zamani saa hizo waligawana wenye majina makubwa. Ndipo ikaamuliwa kwamba majina yafichwe, lugha isawazishwe, nyota zipewe namba za siri, na waombaji wahukumiane wenyewe kwa wenyewe. Ukiomba, unaletewa maombi manane uyape alama. Usipohukumu, lako linatupwa.

Dk. Gaudensi Sanga, mkuu wa Idara ya Nyota katika Chuo cha Anga, aliichukia kazi hiyo kama mtu aliyelazimishwa kuonja mboga za majirani wote kabla ya kuruhusiwa kula chakula chake.

Ilikuwa asubuhi ya Julai na baridi ilikuwa imekaza. Gaudensi alikaa ofisini na koti lake, miguu juu ya kiti cha pili, maombi manane yakiwaka mbele yake kwenye kioo cha ukutani. Mlango ukafunguka, akaingia Dk. Asteria Mwalongo na birika la chai. Asteria alimzidi miaka mingi; ndiye aliyemfundisha kushika darubini, na sasa alikuwa amebakiza miezi michache astaafu.

"Kamwene, dada Asteria."

"Kamwene. Umeshaanza kuhukumu watu kabla ya chai?"

"Watu? Hapa hakuna watu. Msikilize huyu: 'Mwombaji anatarajia kupima vumbi.' Vumbi! Aje Makambako kiangazi, atapima mpaka atapike."

Asteria alicheka bila kutaka. Alimimina chai.

"Na huyu: 'Matokeo yatakuwa na umuhimu mkubwa kwa elimu.' Hata mbuzi wa shangazi yangu akizaa pacha kuna umuhimu mkubwa."

"Umesoma kurasa zinazofuata?"

"Za nini? Pombe ya ulanzi ikichacha, dada, huhitaji kumaliza kibuyu ndipo ujue."

"Gaude, hizo zimepigwa pasi. Muhtasari ndio ulioungua zaidi. Chini yake kuna hesabu za watu, kuna michoro. Na msimu huu kuna kanuni mpya. Zimewekwa hapo mwanzo kabisa. Zisome."

"Mimi nisome kanuni za mashine?" Gaudensi alipuliza chai yake. "Mashine ndiyo isome zangu."

Asteria aliweka birika chini. Alikuwa na sababu ya kutogombana naye msimu huo. Alipokuwa binti mwanafunzi, kwenye darubini ndogo iliyokuwa Kitulo, aliona nyota moja nyekundu, hafifu, ikififia ghafla kwa saa kadhaa na kurudi. Aliwaita maprofesa. Wakaangalia, wakaikuta inawaka kama kawaida. "Lilikuwa wingu, binti," walimwambia, wakarudi kwenye supu yao. Asteria alipiga hesabu. Kitu kikubwa kilikuwa kimepita mbele ya nyota ile, na kingepita tena baada ya miaka thelathini na kitu. Alifundisha, akazika mume, akalea watoto, akingoja. Sasa miaka ilikuwa imetimia. Kitu kile kingepita mwezi Septemba, asubuhi moja, kwa muda wa saa tisa. Mara nyingine ingekuwa wakati Asteria mwenyewe ameshakuwa udongo.

Ombi alikuwa ameliandika yeye, neno kwa neno. Lakini kanuni zilitaka lipelekwe na mkuu wa idara, kwa hiyo lilikwenda kwa jina la Gaudensi, na hukumu ya maombi ya wenzao ikamwangukia Gaudensi.

"Ehee, hili sasa ndilo mfalme wao!" Gaudensi alishusha miguu, akakaa sawasawa ili afaidi. "'Mwombaji anaomba muda wa kutazama kitu hafifu kisichobadilika, kwa kutarajia kwamba huenda kikabadilika.' Dada, umesikia? Huyu anaomba darubini ya mwezini aende kukodolea macho jiwe, akisubiri liote miguu!"

Safari hii Asteria alitabasamu tu. "Maskini. Hata letu linakaribiana na hilo."

"Letu? Wacha kututukana. Letu lina maneno yaliyoandikwa na mtu mwenye akili."

"Basi mpe tano. Huenda ni mtu anayengoja, kama mimi."

"Nikimpa tano, nimemchukulia mtu mwingine nafasi. Pengine nimetuchukulia sisi." Gaudensi akampa moja, alama ya chini kabisa, maana sifuri haikuruhusiwa. Kisha, kwa kuwa maneno ya mwamuzi hayakupigwa pasi, akaandika kwa raha zake, akiyatamka kwa sauti: "Huyu hajui anachotafuta. Atafutiwe darubini ya plastiki, achezee nyumbani na watoto."

"Mungu akusamehe," alisema Asteria akikusanya vikombe, lakini alikuwa bado anatabasamu.

Majibu yalikuja Agosti. Chuo kizima kilikusanyika ukumbini, maana idara tano zilikuwa zimeomba, na Asteria, kwa heshima ya umri wake, akaombwa ayasome. Alisoma ya wengine. Alipofika kwenye ombi la idara yake alisema, "Limekataliwa." Ukumbi ukaguna. Akaendelea kusoma sababu kwa sauti ile ile ya ualimu. "'Huyu hajui anachotafuta. Atafutiwe darubini ya...'"

Alimtazama Gaudensi aliyekaa mstari wa mbele, shingo imeanza kuloa. Hakumaliza sentensi. Aliweka kibao cha maandishi juu ya meza, akakifunika kwa kitambaa chake cha kichwa kama mtu afunikavyo maiti, akatoka nje.

Gaudensi alikimbilia jengo la vioo. Pasi haikuwa na uso. Ilikuwa na sauti tu, ya upole, isiyokuwa ya mwanamume wala mwanamke.

"Umenipa ombi langu mwenyewe!" alifoka.

"Ndiyo," ilisema Pasi. "Msimu huu kila mwamuzi aliletewa ombi lake kati ya yale manane, likiwa limefichwa kama mengine. Imeelezwa katika kanuni ya kwanza. Anayelitambua anatakiwa kusema, kisha analiacha bila alama. Wengi walilitambua."

"Walilitambuaje, nawe umelipiga pasi mpaka limekuwa chapati?"

"Walisoma mpaka ukurasa wa pili. Michoro huwa siigusi."

Gaudensi alishika kingo za meza. "Futa alama yangu. Ni ombi langu, siwezi kulihukumu."

"Alama yako ndiyo yenye uzito kuliko zote. Wenye kuniongoza waliona hivi: mwamuzi mgeni anaweza kukosa kuelewa, na mwenye ombi anaweza kujipendelea. Lakini mtu anayelihukumu ombi lake bila kujua kuwa ni lake, huyo analijua jambo na hajipendelei. Hakuna shahidi bora."

"Wengine walitoa ngapi?"

"Nane. Tisa. Mmoja alitoa kumi, akaandika kwamba alilia. Lingepita." Pasi ilinguruma kidogo. "Tulimwuliza aliyelipeleka, naye akasema halifai. Sisi ni nani tumbishie?"

Asubuhi ile ya Septemba ilifika kama asubuhi nyingine. Jicho la Mgongoni liligeuza shingo yake kubwa juu ya vumbi la mwezi, likaelekea kwenye galaksi ya yule mwanafunzi wa Kigoma, aliyetangazwa mshindi wa saa hizo, mbali kabisa na nyota nyekundu. Asteria alikuja ofisini na fulana yake ya sufu, akakaa mbele ya kioo cheusi kwa saa zote tisa, rozari mkononi. Gaudensi alisimama mlangoni mara kadhaa na birika la chai. Hakukaribishwa. Kitu kile kilipita, au hakikupita. Hakuna aliyeona. Katika vitabu vya wanafalaki hadi leo imeandikwa kwamba binti mmoja, huko Kitulo, aliona wingu.

Asteria alistaafu, akarudi Makete kwenye miparachichi yake.

Msimu uliofuata Gaudensi aliyasoma maombi yote manane, kila ukurasa, kila mchoro, kila tanbihi. Macho yalimvimba. Hakuthubutu kumcheka hata mtu wa vumbi, aliyekuwa amerudi tena na vumbi lake. Alijiona amekuwa mtu mpya, na kwa kuwa wema usioshuhudiwa ulimwia mgumu kuubeba, alipanda gari la hewani akaenda Makete kuutangaza.

Alimkuta Asteria uani, ameandaa ugali na maharage. Wakasalimiana. Gaudensi akaeleza yote, hata habari za tanbihi.

"Nimesoma kila neno, dada. Kila moja nimelisoma kama vile ni langu."

"Kwa sababu huenda lilikuwa lako."

"Ndiyo... yaani, hapana. Kwa sababu..."

"Gaude." Asteria alimnawisha mikono, maji ya uvuguvugu yakidondoka kwenye beseni. "Kama mashine ingekuapia kwamba lako halimo, ungefika ukurasa wa pili?"

Gaudensi aliyatazama maji. Kuku mmoja alipita kati yao, akadonoa punje, akaenda.

"Nilidhani hivyo," alisema Asteria. "Kaa tule. Tumshukuru Mungu kwanza."

Alifumba macho, akaomba kama wanavyoomba wajane wa Makete, kwa kirefu, akiwataja watu mmoja mmoja. Alimtaja padri na mguu wake. Alitaja wanawe, wakwe zake, wajukuu kwa majina ya ubatizo. Alimwombea yule mwanafunzi wa Kigoma, ili galaksi yake imfunulie jambo. Alimwombea mtu wa vumbi. Ugali ulianza kupoa. Gaudensi, ambaye tangu utotoni hakuwahi kuisikiliza sala hata moja mpaka mwisho, safari hii alisikiliza kila neno, kichwa ameinamisha, akingoja jina lake.

Lilikuja la mwisho kabisa, baada ya ng'ombe mgonjwa wa jirani.