Simu Aliyoijibu kwa Kunyamaza

Soko la mitumba lilikuwa limefurika. Msichana mmoja, ambaye wenzake walimpachika jina la Spika, alikuwa amesimama juu ya meza, kitenge kiunoni, akipayuka: "Chagua! Chagua!" Kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi akasimama mbele yake, asiguse nguo hata moja.

"Dada, unaliua hilo koo. Sauti inatoka tumboni."

"Tumboni mwangu mna njaa tu, kaka. Unanunua au unanipima?"

Muuza viatu wa meza ya pili akacheka mpaka akashika mbavu. "Shoga, umepata daktari!"

Hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kuimba, mwenye chumba juu ya duka la rangi. Spika, ambaye tangu utotoni alitamani jukwaa, akaanza kupanda ngazi zile kila jioni. Akafundishwa kuvuta pumzi mkono ukiwa tumboni, kutetemesha midomo kama mtoto anayeendesha gari la kuchezea, na kuvumisha sauti mdomo ukiwa umefumbwa. Kabla mwezi haujaisha, wawili hao wakawa wanaitana mpenzi.

Lakini kelele za soko zilizidi kumkausha sauti, na shindano la waimbaji lilikuwa limekaribia. Mwalimu akampiga marufuku kusema.

"Wiki nzima, mpenzi. Hata kunong'ona hapana. Hata nikikupigia mimi, sikiliza tu."

Tena mtundu yule akawa anamtega. Jioni ya kwanza akapiga simu: "Laazizi, kuna nyoka nyuma yako!"

"Wapi?" Spika akaruka.

"Umefeli!"

Kesho yake akajifanya amevunjika mguu, Spika akanaswa tena. Akajiapia kwamba hanaswi mara nyingine.

Jioni iliyofuata simu ikaita.

"Mpenzi, nimepata kazi mji wa mbali, kufundisha kwaya ya shule. Basi linaondoka alfajiri. Ukinikubali niwe mume wako, nabaki. Sema neno moja tu."

Sauti ilikuwa inamtetemeka. Leo kaigiza vizuri, Spika akawaza, akajiziba mdomo kwa kiganja asicheke.

Mwalimu alingoja, akangoja.

"Haya," akasema taratibu. "Nimekuelewa."

Asubuhi Spika alikuta chumba kitupu.

"Mwalimu kaondoka," muuza rangi akamwambia. "Macho mekundu, hata chai hakunywa."

Akakaa kwenye ngazi, akapiga simu.

"Nilidhani unanitega!"

"Nilijua nimekukataza kusema," Mwalimu akajibu. "Lakini nikajiambia, kama ananipenda, kwa hili atasema."

"Rudi, mpenzi. Nakubali. Nakubali!"

"Nilipokata simu nilisaini mkataba kwa hasira, laazizi. Miaka mitatu."

"Nitakusubiri."

"Usijifunge kwa ajili yangu. Michezo yangu ndiyo iliyotuponza." Kisha akaongeza: "Niimbie kidogo."

Spika akaimba palepale kwenye ngazi, machozi yakimtiririka. Sauti ikapanda safi, nyepesi, kuliko siku zote. Alipomaliza akangoja aambiwe pumzi imekatika mapema, arudie mwanzo, kama alivyozoea.

"Vizuri," Mwalimu akasema. "Vizuri sana."

Hapo ndipo Spika alipojua kwamba wameachana.