Ufa Alioziba Mfadi

Kaa chini, simu weka mfukoni, sikiliza. Mdomo ukikukauka, shauri yako.

Pale Petra, ukuta ulitoka jasho. Mwezi wa nane, jua limefukuza hata mbuzi, lakini ukuta wa lile kaburi la kale, lililochongwa kwenye jiwe jekundu, unachuruzika. Mfadi akaugusa, akalamba kidole. Chumvi.

Mfadi ni fundi wa kukarabati makaburi hayo. Wiki iliyopita aliziba ufa wa ukuta huo kwa saruji. Kazi ilitaka chokaa na mchanga, lakini chokaa inachelewa kukauka, naye alikuwa anawahi harusi ya binamu yake. Ufa ule unashuka moja kwa moja hadi pango la chini, anapokaa Bibi Sabha, nyanya yake. Bibi aliwaka.

"Tumezaliwa humo, hatukuuziba! Ni njia ya mpangaji."

"Mpangaji gani, Bibi? Mbona sijamwona akianika nguo?"

"Cheka tu. Meno si yako?"

Sasa leo adhuhuri anamsubiri Bi Rawda, mtaalamu wa mawe kutoka mji wa Karak, aje kukagua. Akasikia hatua. Bi Rawda huyo, kaingia. Viatu havina vumbi hata chembe.

"Umefanya nini, Mfadi?"

"Nimeziba kidogo tu, Bi Rawda."

"Jiwe hili linapumua, we fundi. Maji yanapita ndani yake na chumvi, yanatokea kwenye ufa. Umeweka saruji, ngumu kuliko jiwe lenyewe. Chumvi itavimba humo ndani, itamenya ukuta kama kitunguu. Kazi ya wazee wenu, miaka elfu mbili, unaiua kwa ndoo moja! Ivunje."

Mfadi akainama kuchukua patasi. Hapo hapo, kraaa! Bamba la jiwe likabanduka juu ya mlango, likaanguka, likaziba. Giza.

Akawasha tochi ya simu. Mtandao hakuna. Akasukuma bamba mpaka mabega yakalia, wapi.

"Vunja saruji," Bi Rawda akanong'ona. "Njia ni hiyo tu."

"Ufa ule hata paka hapiti, Bi Rawda."

"Mimi napita."

Mfadi akaganda, maana harufu ilikuwa imeanza kupanda, harufu ya chumvi mbichi na nywele zilizoungua, na nyuma yake kulikuwa na sauti ya ulimi unaolamba ukuta taratibu, slap, slap, kama ng'ombe na jiwe la chumvi, na kila ulimi ulipopita mate yalimkauka yeye mdomoni, na hakuthubutu kugeuza tochi.

Ndipo akasikia sauti ya Bibi kwa mbali, nyuma ya saruji.

"Mfadi! Mbona hushuki, mwanangu? Bi Rawda kafika kitambo, yuko hapa mlangoni mwa ufa, anakunywa chai na mimi."

Kisha sauti ya pili, ya Bi Rawda mwenyewe, kutoka huko chini:

"Fundi! Hiyo saruji ivunje upesi, jiwe linapasuka!"

Kweli, dari ilikuwa inadondosha vipande.

"Umesikia?" kikanong'ona kilicho nyuma yake, pumzi baridi shingoni. "Hata yeye anasema."

Patasi iko mkononi. Asipopiga, kaburi linamfunika, na kazi ya wazee inapotea. Akipiga, kitu hiki, yule mpangaji wa Bibi, kinashuka kwenye ufa mpaka miguuni kwa Bibi, na kimefungiwa wiki nzima, kina kiu.

Ungekuwa wewe, ungepiga?