Msaidizi Aliyekatazwa Kusema Hapana

Kila asubuhi Evelina, mama Ngosha, alikaanga karanga na mahindi uani kwake, Kirumba, kisha akapeleka mashineni kusaga. Unga wake wa lishe ulijulikana Buzuruga, hadi Ukerewe ng'ambo ya maji.

Shida yake ilikuwa simu. Meseji ziliingia mikono yake ikiwa imejaa unga. Akichelewa kujibu, mteja kashanunua kwingine. Ndipo jirani yake Shamsha, mama Kausar, mwenye duka la vyombo, alipomwekea msaidizi wa akili bandia. Ni programu inayojibu meseji kama mtu, lakini si mtu.

"Mwandikie maelekezo mwenyewe," Shamsha alisema. "Biashara yako unaijua wewe."

Evelina akaandika kama mama yake alivyomfundisha sokoni: Unga wetu unafaa watoto wote. Jibu kwa upole. Mteja haambiwi hapana.

Wiki mbili oda zilimiminika. Evelina hakusoma majibu. Alitazama oda tu, akafunga mizigo.

Alhamisi mchana, akisubiri karanga zipoe, akafungua simu asome. Mama mmoja wa Ukerewe, Hellen, alikuwa ameuliza:

"Mwanangu ana miezi mitatu, analia sana. Naona maziwa yangu hayamtoshi. Nimpe uji huu?"

Msaidizi akajibu: "Ndiyo mama. Unga wetu unafaa watoto wote. Karibu sana."

Asubuhi ya Alhamisi hiyo Hellen akamalizia: "Ahsante. Mzigo umefika. Leo jioni namwanzishia."

Mwiko ulimdondoka Evelina. Alikuwa amenyonyesha wanne, na kliniki waliimba wimbo uleule: kabla ya miezi sita, maziwa ya mama tu, hata maji hapana. Tumbo la mtoto bado changa. Ataharisha, na kuhara humaliza mtoto upesi.

Akapiga. Simu haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Akakimbilia kwa Shamsha na unga wake mikononi.

"Mama Kausar, mashine yako itaniulia mtoto wa watu."

Shamsha akasoma meseji, akasoma na maelekezo. "Mama Ngosha, usiisingizie mashine. Watoto wote, umeandika wewe. Asiambiwe hapana, umeandika wewe."

"Lakini kila mama anajua."

"Kila mama, sawa. Huyu kabeba mtoto lini? Mimi niliajiri binti dukani, nikamwambia uza, usirudishe mteja. Nilipotoka kuswali nikakuta kauza kiti changu."

Siku nyingine Evelina angecheka. Leo alipiga tu, akapiga. Saa kumi na moja simu ikaita.

"Shikamoo mama," Hellen alisema. "Hapa umeme ulikatika, simu ilizima. Ndo nimebandika maji ya uji."

"Marahaba, mwanangu. Epua. Huo uji mtoto usimpe."

"Mbona mlisema unafaa?"

"Tulikosea. Mimi nilikosea. Mnyonyeshe kila anapotaka, na kesho mpeleke kliniki wakuangalie kwa nini analia. Uji kunywa wewe."

"Basi naepua, mama."

Evelina akakaa chini pale pale dukani, kati ya masufuria.

Kesho yake wakaanza upya. Evelina akaandika: Usimuuzie mwenye mtoto wa chini ya miezi sita.

"Tumjaribu," Shamsha alisema. Akajifanya mteja: "Nanyonyesha mtoto wa miezi miwili. Nataka unga nipike uji wangu mwenyewe." Msaidizi akakataa kumuuzia.

"Sasa mbona anamnyima mama?" Evelina akauliza.

"Umemkataza bila kumweleza. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Huyu mwambie. Ukimpa sababu, hata swali usilolifikiria atajua pa kushika."

Basi Evelina akaandika kama anayemwachia mgeni nyumba: Wanaotuuliza wengi ni mama wa watoto wadogo, na wanatuamini. Mtoto wa chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, maana tumbo lake bado changa. Mama mwenyewe anaweza kunywa uji huu. Unga una karanga na soya, mwambie kila mteja, kwa sababu wapo zinaowadhuru. Swali la ugonjwa usilijibu, mwelekeze kituo cha afya, kisha nijulishe mimi. Usilolijua, sema hujui. Ni afadhali tukose mteja kuliko kumdanganya.

Wakajaribu tena, maswali ya werevu na ya kipumbavu. Palipopinda wakapanyoosha.

Tangu siku hiyo Evelina husoma majibu kila siku kabla ya kufunga mizigo. Wewe unayemweka msaidizi wa namna hii, soma na wewe. Atakalosema, umelisema wewe.

Wateja hawakukimbia. Walioambiwa hapana walirudi, wakaleta na wenzao.

Miezi mitatu ikapita. Asubuhi moja simu ikalia.

"Shikamoo mama, ni Hellen wa Ukerewe. Mwanangu leo katimiza miezi sita, kliniki wamempima, kanenepa. Nimemuuliza msaidizi wako akasema sasa ni sawa, uji uwe laini, na maziwa nisiache. Lakini nataka nikusikie wewe. Nibandike?"

Evelina akajifuta unga mikononi.

"Marahaba. Bandika, mwanangu."