Kuvu Ukutani, Ijumaa Kuu

Sikusimuliwa haya. Chumba kimoja tulilala wote: dada yangu Yocasta, mumewe Radhamés, mtoto wao Nikaurys wa miaka saba, na mimi. Ilikuwa Wiki Takatifu, Puerto Plata, mji wa pwani, majira ambayo hoteli hupandisha bei bila haya na pesa ukishalipa hairudi. Tulifika Alhamisi mchana na sufuria letu la maharage matamu ya Kwaresima, tunacheka njia nzima.

Kicheko kiliishia mlangoni. Kunguni kwenye mishono ya godoro. Mende ndani ya jagi la maji. Na juu ya kitanda cha mtoto, kuvu nyeusi, pana kama sinia. Nikaurys ana pumu. Hatujafungua hata mizigo, kifua chake kikaanza kupiga miluzi.

"Hiyo si kuvu, mpenzi wangu, ni kivuli tu," alisema msichana wa mapokezi, macho kwenye simu.

"Kivuli kinanuka?" Radhamés akafoka.

"Mkitaka kuondoka, mlango ule pale. Pesa hairudi."

Nikamvuta Radhamés mkono. "Shemeji, twende zetu. Mtoto hapumui vizuri."

"Niwaachie jasho langu la miezi minne? Thubutu! Hatoki mtu hapa."

Asubuhi ya Ijumaa Kuu kuvu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye mto wa mtoto. Kwetu siku hiyo hakuna anayeshika nyundo wala kisu; ukikata kitu, umeukata mwili wa Bwana. Hata mkate tunaumega kwa mkono. Radhamés anajua, bibi yake alimlea kwa miiko hiyo. Lakini hasira hasara. Akachomoa kisu mfukoni.

"Radhamés," dada akanong'ona, "leo ni siku gani?"

"Siku ya kupata thamani ya pesa yangu."

Akaanza kuparua. Ukuta ulikuwa laini. Ulikuwa na joto. Kila kisu kilipopita, Nikaurys alijikunja kitandani. Niliona. Nikapiga kelele aache. Hakunisikia.

Alipomaliza alikimbia kumleta yule msichana ashuhudie makovu ya ukuta. Sisi tukamwinamia mtoto. Waliporudi, ukuta ulikuwa mweupe, mkavu, hauna hata mchubuko.

"Haya, baba, kuvu iko wapi?" msichana akacheka.

Mtoto alikuwa ametulia. Miluzi imekoma. Tukamshukuru Mungu, wapumbavu sisi.

Yocasta akamvua blauzi amwogeshe. Doa jeusi lilikuwa limetanda mgongo mzima, na katikati yake mistari ya kisu, mirefu, isiyotoa damu. Tuliondoka saa ile ile. Pesa hakuna aliyeitaja.

Mwaka wa tatu huu. Pumu haijarudi, na madaktari wanasema mtoto ni mzima. Kila jioni Radhamés humsugua mgongo kwa kitambaa, peke yake, hataki asaidiwe, na machozi yanamtoka. Kitambaa nimekishika mimi mwenyewe. Kinachobaki pale si uchafu wala ngozi. Ni chokaa ya ukutani.